Kipimo, Kizio na Mizani: Lugha ya Kuwafundisha Watoto Kuchagua Vizio vya Uzito katika Shule za Afrika Mashariki

Ikisiri

Mtoto wa shule ya msingi anaweza kukariri kwamba kilogramu moja ina gramu 1,000 na bado akashindwa kusema ni kizio gani kinachofaa kutaja uzito wa yai. Makala haya yanafafanua kwamba ugumu huo hautokani na hesabu peke yake. Sehemu yake kubwa imo katika lugha inayotumika kufundishia. Maneno ya sokoni kama vile kilo, robo, debe na gunia huficha tofauti kati ya uzito na ujazo, na neno kipimo hubeba maana tatu katika swali moja la mtihani. Aidha, ufundishaji wa mada hii umeelemea kubadili vizio kuliko kuvichagua. Makala yanapendekeza matumizi thabiti ya istilahi kizio, ufundishaji unaoanzia kwenye vitu vya rejeo, na maswali yanayomtaka mwanafunzi aeleze sababu ya uchaguzi wake. Mapendekezo hayo yanazihusu shule zinazofundisha Hisabati kwa Kiswahili na zile zinazokifundisha Kiswahili kama somo katika nchi jirani.

Maneno Muhimu: kizio, kipimo, uzito, ujazo, istilahi za Hisabati, elimu ya msingi

1.0 Utangulizi

Kupima uzito ni miongoni mwa stadi za hisabati ambazo mtoto wa Afrika Mashariki hukutana nazo kabla hajaingia darasani. Hutumwa dukani kununua nusu kilo ya sukari. Hupandishwa kwenye mizani ya kliniki mama yake akisubiri namba iandikwe katika kadi. Huwaona wachuuzi wakijaza makopo ya maharage na wapagazi wakiinama chini ya magunia. Hata hivyo, mada ya uzito inapofunguliwa darasani, mara nyingi huanzishwa kwa jedwali la vizio lililopangwa kutoka kilogramu hadi miligramu, na kazi ya mtoto huwa ni kuzidisha au kugawanya kwa kumi. Ujuzi aliokuja nao hubaki nje ya mlango.

Ni vyema kutenganisha stadi tatu ambazo huchanganywa. Stadi ya kwanza ni kupima, yaani kutumia mizani na kusoma namba. Ya pili ni kubadili, yaani kuandika kiasi kilekile kwa kizio kingine. Ya tatu ni kuchagua, yaani kuamua kama uzito wa kitu fulani, kwa lengo fulani, utajwe kwa miligramu, gramu, kilogramu au tani. Makala haya yanashughulika na stadi ya tatu. Ndiyo inayopata nafasi ndogo zaidi darasani, ilhali ndiyo inayotumika mara nyingi zaidi katika maisha ya mtu mzima.

Uzito wa suala hili unaonekana pale uchaguzi unapokosewa. Shirika la Afya Duniani humhesabu mtoto mchanga kuwa mwenye uzito pungufu akizaliwa na chini ya gramu 2,500. Mtoto aliyezaliwa na gramu 2,460 yumo katika kundi hilo na anahitaji uangalizi zaidi. Anayemwandika kuwa na “kilo mbili na nusu” amemtoa katika kundi hilo kwa kalamu tu. Vivyo hivyo, kidonge cha kawaida cha parasetamoli kina miligramu 500, yaani nusu gramu. Anayeweka gramu mahali pa miligramu hukosea mara 1,000. Muuguzi na mzazi wanaosoma namba hizi walikuwa watoto wa darasa la tatu, na msingi wa usomaji wao uliwekwa huko.

2.0 Maneno ambayo mtoto huja nayo shuleni

Msamiati wa uzito katika Kiswahili una matabaka. Uzito ni neno la Kibantu. Uzani na mizani yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, na ndiyo sababu neno mizani limefaa pia kutaja hesabu ya silabi katika mshororo wa shairi. Ratili, wakia na frasila yalikuja na biashara ya Bahari ya Hindi. Frasila moja, iliyokaribia kilo 16, ilitumika kupimia karafuu na pembe. Gramu, kilo na tani yaliingia kutoka lugha za Ulaya. Kila tabaka lilikuja na desturi yake ya kupima, na desturi hizo hazikufutika pale mfumo wa metriki ulipowekwa kisheria. Mambo matatu katika msamiati huu yana athari ya moja kwa moja kwa mtoto anayejifunza kuchagua kizio.

2.1 Kilo kama jina la uzito wenyewe

Katika mazungumzo ya kawaida, kilo si jina la kizio tu. Husemwa kwamba mtu “amepungua kilo”, kwamba mtoto “amepelekwa kupimwa kilo”, na mgeni huulizwa “una kilo ngapi?” Katika matumizi hayo, kilo ni sawa na uzito. Hali kama hiyo ipo katika Kinyarwanda, ambapo neno hilo limeingizwa kabisa katika ngeli za lugha: umoja ni ikiro na wingi ni ibiro, na ibiro vya mtu ni uzito wake. Mtoto aliyezoea matumizi haya akiulizwa kizio cha uzito wa kalamu, hujibu “kilo” bila kusita, kwa kuwa kwake swali limeuliza tu jina jingine la uzito. Jibu lake linafuata mantiki ya lugha yake ya nyumbani.

Tatizo la pili limo ndani ya neno lenyewe. Kilo ni kiambishi chenye asili ya Kigiriki kinachomaanisha elfu moja. Kilogramu ni gramu elfu, kama kilomita ilivyo mita elfu. Mzungumzaji anapokata neno na kubakiza kilo, hubakiza “elfu” na kuitupa gramu. Kwa mtoto, gramu huonekana kitu kigeni kinachopatikana katika kitabu cha Hisabati, ilhali ndiyo iliyomo ndani ya kilo anayoinunua kila siku.

2.2 Robo na nusu bila kizio

“Nipimie robo” ni sentensi kamili mbele ya bucha. Muuza nyama huelewa robo kilo, yaani gramu 250, na akiombwa “nusu robo” hukata gramu 125. Lakini mtoto huyohuyo akivuka barabara na kuomba “robo ya mafuta ya kula”, hupewa robo ya lita. Sehemu imetajwa, kizio kimeachwa, na muktadha ndio unaojaza pengo. Mfumo huu hufanya kazi vizuri sokoni kwa sababu wote wawili wanaona bidhaa iliyo mbele yao. Darasani bidhaa haipo. Mtoto anayeandika “robo” kama jibu la uzito hajaacha neno kwa uvivu. Ameandika kama anavyosema. Mwalimu anayetambua hilo ataanza kwa swali rahisi, “Robo ya nini?”, na swali hilo ndilo mlango wa somo zima la vizio.

2.3 Vyombo vinavyojaa

Kundi la tatu ni majina ya vyombo: kibaba, pishi, kopo, debe na gunia. Nchini Kenya gorogoro limezoeleka kwa mahindi na maharage, na nchini Tanzania sado, kopo la rangi lililogeuzwa kipimo cha sokoni, limeenea mijini na vijijini. Vyombo hivi vyote hupima ujazo, lakini hutajwa na kulipiwa kana kwamba vinapima uzito. Debe la lita 20 likijaa maji, maji hayo yana kilo 20. Likijaa mahindi makavu bila kichuguu, mahindi hayo hukaribia kilo 15 tu, kwa sababu kati ya punje na punje kuna hewa. Likijaa mkaa, uzito hupungua zaidi. Chombo ni kimoja na ujazo ni mmoja, ila uzito umebadilika mara tatu.

Lugha yenyewe imehifadhi namna ya kutofautisha. Methali husema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba hujazwa, ni chombo. Debe hujaa, gunia hujaa, kopo hujaa. Kilo haijai, bali hutimia. Muuzaji husema “kilo haijatimia” na kuongeza kipande cha nyama. Tofauti hii ya vitenzi yaweza kuwa jaribio la kiisimu ambalo mtoto wa miaka minane analiweza: neno likikubali kitenzi kujaa, linataja chombo na ujazo, likikubali kutimia na kukataa kujaa, linataja kizio. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, na humwonyesha mtoto kwamba Kiswahili anachokijua tayari kina sehemu ya jibu.

Gunia linastahili maelezo zaidi kwa kuwa linavuka mipaka. Nchini Kenya gunia la mahindi limezoeleka kuhesabiwa kuwa kilo 90. Nchini Tanzania limezoeleka kuwa kilo 100. Wafanyabiashara wawili wanaoelewana kwa Kiswahili fasaha mpakani wanaweza kukubaliana juu ya magunia kumi na kila mmoja akawa na hesabu yake: tani moja kwa mmoja, kilo 900 kwa mwingine. Pengo hilo ni kilo 100 nzima, na neno lililolizalisha ni moja. Juu ya hayo ipo lumbesa, gunia lililoshonewa nyongeza kichwani na kujazwa kupita kiasi, ambalo sheria ya vipimo ya Tanzania imelipiga marufuku. Mkulima anayeuza kwa gunia anauza ujazo, na ujazo wa gunia huamuliwa na anayelishona. Anayeuza kwa kilogramu anauza kitu ambacho mizani inaweza kukithibitisha. Nchini Kenya, kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 ziliweka ukomo wa kilo 50 kwa mfuko kwa sababu zinazofanana. Sheria za namna hii hutekelezeka kwa urahisi zaidi pale mkulima mwenyewe anapotambua kwamba gunia si kizio.

3.0 Neno moja, maana tatu

Kama msamiati wa sokoni ungekuwa ndio kikwazo pekee, shule ingekiondoa kwa kufundisha istilahi za kitaalamu. Lakini lugha ya shule nayo ina mkanganyiko wake. Neno kipimo hutumika kwa maana zisizopungua tatu. Kwanza, hutaja kifaa: rula ni kipimo, mizani ni kipimo. Pili, hutaja kizio: kilogramu ni kipimo cha uzito. Tatu, hutaja kiasi kilichopatikana au kinachotakiwa, kama katika kipimo cha dawa au vipimo vya mshonaji.

Tuchukue swali la kawaida: “Taja kipimo kinachofaa kupimia uzito wa mfuko wa saruji.” Mwanafunzi mmoja ataandika mizani. Wa pili ataandika kilogramu. Wa tatu, anayejua kwamba mfuko wa saruji una uzito maalumu, ataandika kilo 50. Kwa mujibu wa lugha, wote watatu wamejibu swali. Mwongozo wa kusahihishia utamkubali mmoja tu. Matokeo yakijumlishwa, yataonekana kuonyesha kwamba watoto wengi hawajui vizio, kumbe yameonyesha kwamba swali halikuwa limeuliza jambo moja.

Kitenzi kupima kina upana kama huo. Hupimwa uzito, urefu, joto, damu, ardhi na hata akili za mtu. Maswali yanayojengwa juu yake huhitaji uangalifu. “Utapima mchele kwa nini?” laweza kusomwa kuwa linauliza kifaa, kizio au sababu, kwa kuwa kwa nini ni kiulizi cha sababu pia. Mwalimu anayelisema kwa sauti anaweza kulitofautisha kwa mkazo na mtuo, lakini mtihani ulioandikwa hauna sauti.

Istilahi inayotatua mkanganyiko huu ipo. Kizio limekuwa likitumika katika vitabu vya sayansi kwa Kiswahili kutaja kiasi rejeo cha kupimia, hasa katika Fizikia. Kwa asili, neno hilo hutaja pia nusu ya kitu kilichokatwa katikati, kama vile nazi au chungwa, na kwa hiyo si geni katika sikio la mzungumzaji. Kinachokosekana ni kulishusha hadi madarasa ya chini na kulitumia bila kuyumba. Mgawanyo unaopendekezwa ni mwepesi: mizani ni kifaa, kizio ni kile tunachohesabia, na uzito ni sifa tunayoipima. Kipimo libaki kutaja matokeo ya kupima, yaani namba pamoja na kizio chake. Kwa mgawanyo huo, sentensi “Kwa kutumia mizani, uzito wa mfuko wa saruji umepatikana kuwa kilogramu 50” hugawanyika vizuri: mizani ni kifaa, kilogramu ni kizio, na kilogramu 50 ni kipimo.

4.0 Kubadili vizio si kuchagua vizio

Jedwali la metriki linalokaririwa shuleni huwa na ngazi saba: kilogramu, hektogramu, dekagramu, gramu, desigramu, sentigramu na miligramu. Jedwali hilo lina faida ya kumwonyesha mtoto kwamba mfumo mzima umejengwa juu ya kumi. Hata hivyo, hektogramu na dekagramu hazionekani katika duka lolote, zahanati yoyote wala mizani yoyote ambayo mtoto huyo ataikuta katika nchi hizi. Ngazi zinazotumika kwa hakika ni nne: miligramu, gramu, kilogramu na tani. Jedwali linalozipa ngazi zote hadhi sawa humnyima mtoto taarifa muhimu kuliko zote, yaani ni zipi zinazotumika na zinatumika kwa nini.

Zaidi ya hapo, kubadili vizio ni kazi isiyohitaji kukijua kitu kinachopimwa. Mwanafunzi anaweza kubadili kilogramu 3 kuwa gramu 3,000 bila kujua kama ni kuku, mtoto mchanga au jiwe. Uchaguzi ni kinyume chake: hauwezekani bila kuwa na picha ya kitu, na ni lazima kuanza na maana kabla ya namba. Kwa sababu hiyo, mazoezi mengi ya kubadili hayamfikishi mtoto kwenye uchaguzi, hata yakirudiwa kwa mwaka mzima.

Mtu mzima mzoefu anapochagua kizio hupima mambo matatu, mara nyingi bila kujua. La kwanza ni ukubwa: huchagua kizio kinachotoa namba inayoshikika, isiyo na sifuri nyingi mbele wala nyuma. Uzito wa ng’ombe hutajwa kuwa kilo 250, si gramu 250,000 wala tani 0.25. La pili ni lengo: mtoto mchanga huandikwa kwa gramu kwa sababu tofauti ya gramu 40 ina maana kwa uhai wake, ilhali kwa ng’ombe tofauti hiyo haina maana. La tatu ni desturi ya uwanja husika: dawa hutajwa kwa miligramu na shehena ya meli kwa tani, na anayekiuka desturi hiyo huwalazimu wenzake kubadili namba, na kila ubadilishaji ni nafasi ya kukosea. Mambo haya matatu yanaweza kufundishwa waziwazi, na yanaweza kusemwa kwa Kiswahili chepesi: Ni kikubwa kiasi gani? Tunataka kujua nini? Wenye kazi hiyo husemaje?

5.0 Namna ya kufundisha uchaguzi

5.1 Vitu vya rejeo

Hatua ya kwanza ni kumpa mtoto kitu kimoja au viwili vya kukumbuka kwa kila kizio, vinavyopatikana karibu na vyenye uzito unaojulikana kwa hakika. Kwa miligramu, kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500 kinatosha kuonyesha udogo wake. Mwalimu hukionyesha na kukihifadhi mwenyewe. Kwa gramu, karatasi moja ya kawaida ya ukubwa wa A4 ina takribani gramu 5, kwa hiyo karatasi 200 hutimiza kilo moja na rimu nzima ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Yai la kuku hukaribia gramu 50 hadi 60. Kwa kilogramu, lita moja ya maji ndiyo rejeo bora, kwa kuwa chupa ya lita moja hupatikana kila mahali na ndiyo iliyo karibu zaidi na asili ya mfumo huu: mwaka 1795, nchini Ufaransa, gramu ilifafanuliwa kuwa uzito wa sentimita moja ya ujazo ya maji. Kwa tani, mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 au tangi la maji la lita 1,000 humpa mtoto kitu cha kutazama, ingawa hawezi kukiinua.

5.2 Kukisia, kupima na kueleza sababu

Hatua ya pili ni kukisia kabla ya kupima. Mtoto hushika chupa ya maji kwa mkono mmoja na kiatu kwa mkono mwingine, kisha husema kipi kinalemea. Shule isiyo na mizani ya dukani inaweza kutengeneza mizani ya mikono miwili kwa ubao, kamba na vifuko viwili, na kutumia chupa za maji kuwa mawe ya mizani. Chupa ya nusu lita ni nusu kilo, na ya robo lita ni robo kilo, bila kuhesabu uzito mdogo wa chupa yenyewe. Hapa mtoto hugundua kwa mikono yake kwa nini “robo” ya maji na “robo” ya nyama zinaweza kulingana katika mizani, na kwa nini robo lita ya unga hailingani nazo.

Hatua ya tatu ndiyo ya kilugha zaidi: kueleza sababu. Uchaguzi usioelezwa hauwezi kutofautishwa na kubahatisha. Mwanafunzi apewe kiunzi cha sentensi kinachomlazimu kutaja kitu, kizio na sababu, kwa mfano: “Uzito wa … nitautaja kwa … kwa sababu …” Mazungumzo ya darasani yanaweza kuchukua sura ifuatayo:

Mwalimu: Uzito wa yai utautaja kwa kizio gani?
Mwanafunzi: Kwa kilo, Mwalimu.
Mwalimu: Yai na chupa hii ya lita moja, kipi kizito?
Mwanafunzi: Chupa.
Mwalimu: Chupa ni kilo moja. Yai je?
Mwanafunzi: Halifiki kilo. Nitatumia gramu.
Mwalimu: Kwa sababu gani?
Mwanafunzi: Kwa sababu yai ni dogo, kilo haitatimia.

Mwalimu hajasema kwamba jibu la kwanza ni kosa. Amemrejesha mtoto kwenye kitu cha rejeo, na mtoto amelirekebisha jibu mwenyewe kwa kitenzi alichokuwa nacho tangu nyumbani. Ikumbukwe pia kwamba “kilo” si jibu batili kihesabu: yai ni kilo 0.055. Kinachofundishwa ni kufaa kwa kizio.

5.3 Maswali ya upimaji

Maswali ya mtihani yafuate mwelekeo huohuo. Badala ya “Taja kipimo cha uzito wa saruji”, swali liwe “Chagua kizio kinachofaa kutaja uzito wa mfuko wa saruji: miligramu, gramu, kilogramu au tani.” Kwa madarasa ya juu, swali liongeze lengo: “Lori limebeba mifuko 300 ya saruji yenye kilo 50 kila mmoja. Dereva anataka kujua kama atazidi uwezo wa lori uliotajwa kwa tani. Atumie kizio gani, na kwa nini?” Jibu la tani 15 linaonyesha hesabu, sentensi inayofuata inaonyesha uelewa. Swali la aina ya tatu limpe mwanafunzi sentensi yenye kasoro, kama vile “Mtoto alimeza gramu 250 za dawa”, na kumtaka aone kilichokosewa. Kuona kosa la kizio kabla halijaleta madhara ndilo lengo la mwisho la mada hii.

6.0 Uzito, uzani na tungamo

Wataalamu wa sayansi huweza kuuliza kama ni sahihi kutumia neno uzito kwa kitu kinachopimwa kwa kilogramu. Katika Fizikia, kilogramu ni kizio cha tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu, na uzito ni nguvu ya mvutano inayopimwa kwa nyutoni. Tofauti hiyo ni ya kweli. Hata kilogramu yenyewe, ambayo tangu 1889 ilikuwa silinda ya platini na iridi iliyohifadhiwa karibu na Paris, imefafanuliwa upya kuanzia tarehe 20 Mei 2019 kwa kutumia konstanti ya Planck, na ufafanuzi huo unahusu tungamo.

Hata hivyo, kulileta neno tungamo katika darasa la pili kungemwongezea mtoto mzigo asiouhitaji. Katika mazingira ambamo kila kitu kinapimwa juu ya ardhi ileile, uzito na tungamo hulingana kiasi kwamba mizani ya sokoni haihitaji kuvitenganisha. Utaratibu unaofaa ni kutumia uzito katika madarasa ya chini na ya kati, kisha kulitambulisha tungamo pale sayansi inapoanza kufundisha nguvu. Uzani, ambalo hutumika kama kisawe cha uzito katika baadhi ya vitabu, lisitumike pamoja na uzito ndani ya kitabu kimoja bila kuelezwa, kwani mtoto hudhani maneno mawili yana maana mbili.

7.0 Hali katika nchi jirani

Mapendekezo haya yanakutana na hali tofauti katika kila nchi. Tanzania imefundisha elimu ya msingi kwa Kiswahili tangu 1967, na kwa hiyo suala la kizio na kipimo linaigusa moja kwa moja katika vitabu vya Hisabati. Nchini Kenya, Kiswahili hufundishwa kama somo na Hisabati ya madarasa ya juu hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto hujifunza kuchagua kizio kwa lugha moja na kununua sukari kwa nyingine. Rwanda ilitangaza mwaka 2019 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, ingawa Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha rasmi tangu 2017. Nchini Uganda, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambamo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huohuo.

Pale ambapo Kiswahili ni somo, mada za sokoni na dukani tayari ni za kawaida katika ufundishaji wake. Mara nyingi mada hizo huishia kwenye majina ya bidhaa na maamkizi kati ya mnunuzi na muuzaji. Zinaweza kubeba kazi nzito zaidi: kutofautisha maneno ya vyombo na maneno ya vizio, kukamilisha sentensi zilizoacha kizio, na kulinganisha gunia la upande mmoja wa mpaka na la upande wa pili. Kwa njia hiyo somo la Kiswahili husaidia la Hisabati hata pale lugha ya kufundishia Hisabati inapokuwa nyingine. Mwanafunzi wa Kigali au Kampala anayejifunza Kiswahili ili kukitumia katika biashara ya kikanda anahitaji kujua hilo mapema kuliko anavyohitaji orodha ndefu ya majina ya matunda.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yamefafanua kwamba kuchagua kizio cha uzito ni stadi ya lugha na maana kabla ya kuwa stadi ya hesabu. Mtoto huja shuleni na msamiati unaotosha kununua na kuuza lakini unaoacha kizio bila kutajwa, na shule humpa jedwali linalotosha kubadili namba lakini lisilomfundisha kuchagua. Kati ya hayo mawili kuna pengo linaloweza kuzibwa kwa gharama ndogo. Kutokana na ufafanuzi huo, mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, taasisi za kukuza mitaala na wachapishaji wa vitabu vya msingi vya Kiswahili walitumie neno kizio pekee kwa maana ya kiasi rejeo cha kupimia, na waache kulitumia kipimo kwa maana hiyo katika maelekezo na mitihani.

Pili, mada ya uzito ianze na vitu vya rejeo na uchaguzi wa kizio, na ubadilishaji ufuate baadaye ukijikita katika miligramu, gramu, kilogramu na tani.

Tatu, maneno ya sokoni yafundishwe badala ya kukwepwa. Mtoto anayejua kwamba debe hujaa na kilo hutimia ana kinga dhidi ya lumbesa ambayo tangazo la serikali peke yake haliwezi kumpa.

Nne, vyombo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinavyoshughulikia Kiswahili, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili yenye makao yake Zanzibar, viandae orodha fupi ya pamoja ya istilahi za vipimo kwa ajili ya shule za msingi, ikiambatana na maelezo ya maneno ya kienyeji ya kila nchi na uzito unaokusudiwa na kila moja. Orodha hiyo haitahitaji kurasa nyingi. Itatosha ikiwa mtoto wa Busia upande wa Kenya na mwenzake wa upande wa Uganda wataisoma na kuelewa kwamba wakisema gunia bado hawajataja uzito.